Mkaguzi wa Vyungu vya Anastazia

Kuna watu wanaokwenda makumbusho kupunga upepo, kuna wanaokwenda kupiga picha mbele ya ngoma wasiyojua hata kuipiga, na kuna Matrida wa Nyegina, ambaye huenda kukagua. Nasema kukagua, na ninajua ninachosema. Kila mwezi wa saba, mihogo ikishamenywa na kuanikwa, mama huyu wa miaka sitini na mmoja hujifunga kitenge kiunoni, hutundika kibuyu kitupu begani, hushika fimbo ya marehemu mama yake na kuondoka kwa miguu. Anaanza na Nyumba ya Sanaa pale Mukendo, mjini Musoma. Akitoka hapo anashika barabara mpaka Butiama, kwenye Jumba la Vyombo vya Kale. Anamalizia Bunda, kwenye Ukumbi wa Utamaduni. Siku saba, siku nane, inategemea magoti yameamkaje.

Majirani wamemsema mpaka wamechoka. "Mama, si upande gari tu? Magari yamejaa barabarani!"

"Mwenye ng'ombe akienda kukagua kwa gari," huwajibu, "habari za ng'ombe wake atamuuliza nani? Dereva?"

Hapo lazima nikueleze, maana kama hukukulia Mara utadhani mama wa watu ana wazimu. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia utawamaliza, na wezi wakija ndiyo basi tena. Kwa hiyo wengine anawawekesha kwa rafiki, kijiji cha mbali. Rafiki anawachunga, maziwa anakunywa, mbolea ni yake, lakini ng'ombe si wake. Mwenyewe atakuja siku asiyoitaja, kwa miguu, akiwadadisi watu wa njiani, na akifika ataonyeshwa ng'ombe wake mmoja mmoja na kujaziwa kibuyu cha maziwa. Akija kila mwaka, mali ni yake. Akianza kuruka miaka, ajue wajukuu wa rafiki watakuja kumuuliza: kwani wewe ni nani?

Sasa, mama yake Matrida, Anastazia, hakuwa na ng'ombe hata wa kusingiziwa. Alikuwa na vyungu. Nusu ya Nyegina ilikunywa maji na togwa kwenye vyungu vya mikono yake, na nusu nyingine ilikuwa inasubiri zamu. Mwaka themanini na nane wakaja watu watatu na Landrova, wanatafuta vyombo vya kuweka kwenye nyumba tatu za sanaa zilizokuwa zinafunguliwa. Wakakuta vyungu vimepangwa uani. Wakachagua vitatu: cha togwa chenye shingo ndefu, cha maji chenye tumbo pana, na kidogo cha kupikia samaki.

"Mama, tupatie hivi," wakasema.

Anastazia akavifuta vumbi kimoja kimoja kwa upindo wa kanga. "Kutoa sitoi," akasema. "Nawawekesha."

Wakacheka, wakala ugali na sato, wakavilaza vyungu kwenye nyasi kavu, wakaenda zao. Hawakuandika kitu. Naye hakudai waandike, maana nani anamdai karatasi rafiki anayemchungia ng'ombe?

Miaka kumi na sita alivikagua mwenyewe. Alipolala kitandani mara ya mwisho, mwaka elfu mbili na nne, akamwita Matrida. "Mimi nilikuwaga naenda. Sasa utaenda wewe. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Mama, si ni vyungu tu vile?"

"Na wewe ni mtoto tu. Lakini ungepotea ningekutafuta."

Matrida alilia mpaka macho yakavimba, na mwaka uliofuata akaenda.

Mlangoni pa Mukendo alimkuta bawabu mpya anaitwa Clementi, mtu mwembamba, mzaliwa wa Butiama. "Kiingilio, mama," Clementi akasema.

"Tangu lini mwenye ng'ombe akalipa kiingilio zizini?"

Clementi akamtazama. Akaitazama fimbo. Akakitazama kibuyu. Bahati yake Matrida, alikuwa amekutana na mtoto wa wafugaji. Bawabu akajikuna kisogo, akasogea, akampisha. Mama akaenda moja kwa moja kwenye chungu cha togwa, akachuchumaa, akakizunguka pande zote bila kukigusa, akasikiliza kama kuna ufa unaolia ndani. Kisha akarudi mlangoni na kunyoosha kibuyu.

"Maziwa," akasema.

Ungekuwa wewe ungemwita polisi. Clementi alikimbia sokoni, akarudi amekijaza. Na tangu siku hiyo, kila mwaka kibuyu hujazwa, wala hawajawahi kuongea habari hiyo hata mara moja.

"Kabla hujaondoka, mama," Clementi akamwambia siku ile ya kwanza, "andika kitabu cha wageni."

Hapa ndipo Matrida alipofanya kosa, na Mungu ambariki kwa kosa hilo. Kitabu kilikuwa na safu nne: tarehe, jina, unakotoka, maoni. Na juu ya kila ukurasa imechapwa: Maoni yako ni muhimu kwetu. Tutayafanyia kazi. Watu wengine wote walikuwa wameandika "Pazuri", "Hongereni", "Nimefurahi sana". Matrida, mwanamke wa darasa la saba mwenye mwandiko wa kunyooka, alidhani hicho ndicho kitabu cha ukaguzi. Akakaa chini, akaandika mpaka nafasi ikaisha na kuendelea pembeni: "Chungu cha mama yangu Anastazia mlichowekeshwa kipo. Kina vumbi shingoni. Mmeandika ni cha maji, si kweli, ni cha togwa. Rekebisheni."

Butiama akaandika vilevile. Bunda vilevile. Wafanyakazi wakacheka wakashikana mabega. Mwaka uliofuata akarudi.

Na usidhani aliviona vyungu tu akaondoka. Thubutu! Mtu hawezi kuingia zizini asitazame na ng'ombe wa wenzake. Mwaka wa tatu alianza kusimama mbele ya vigoda vya kuchonga vya Butiama, akivihesabu miguu. Mwaka wa tano, pale Bunda, aligombana na picha kubwa ya wachuma pamba. "Huyu mchoraji hajawahi kuchuma pamba," akamwambia Hilda, binti aliyekuwa ameajiriwa juzijuzi kutunza ule ukumbi. "Angalia walivyoinama. Wakiinama hivyo, saa nne migongo imekatika." Lakini mwaka uliofuata akaisimamia tena picha hiyohiyo, na safari hii hakuigombeza. Rangi ya jioni ile kwenye pamba ilikuwa imemkaa moyoni mwaka mzima, akilima anaiona, akisonga ugali anaiona. Wanawake wa Nyegina wakawa wanamsubiri arudi awasimulie. Hakuna mtu kijijini aliyekuwa amezitembea nyumba za sanaa za Musoma, Butiama na Bunda kuliko yeye, na nadhani hata wilayani hakuna.

Sasa tuje mwaka huu, ambao ni wa ishirini.

Jumanne asubuhi Matrida aliingia Mukendo, akaenda kwenye kimeza cha chungu chake. Kitupu. Palibaki duara la vumbi tu, mahali chungu kilipokaa miaka yote. 

Akaingia ofisini bila kubisha hodi. Mkuu wa nyumba alikuwa mpya, Bwana Apolinary, kijana wa suti ya bluu aliyehamishiwa Musoma mwezi wa nne. Si mtu mbaya. Alisimama, akaonyesha adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chungu changu kiko wapi?"

"Chungu chako?"

Akaeleza, na Apolinary akasikiliza, na tabasamu likaanza kumponyoka pembeni mwa mdomo. Akafungua faili. Vyungu vyote vitatu vimepelekwa Butiama, akasema. Ijumaa kamati ya nyumba zote tatu inakaa pale. Wakishasaini, vinapanda gari kwenda Dar es Salaam, kwenye jumba kubwa jipya, na vitabaki huko moja kwa moja. "Ni heshima kubwa kwa mkoa, mama." Akamgeuzia faili asome maelezo yatakayobandikwa. Matrida akasoma: Vyungu vitatu. Mfinyanzi hajulikani. Zawadi ya wananchi wa Mara.

Hajulikani! Mama aliyezaa watoto saba, aliyechimba udongo mtoni na mimba ya miezi minane, eti hajulikani.

"Hajulikani na nani?" Matrida akauliza.

"Kwenye kumbukumbu, mama. Una karatasi yoyote? Hati? Barua?" Apolinary akafunga faili taratibu. "Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mimi ningependa kukusaidia, lakini kamati inakwenda kwa maandishi. Ukipata andiko lolote, njoo nalo Butiama Ijumaa saa nne. Baada ya hapo, mikono yangu imefungwa."

Andiko gani? Mama yake alikuwa anaweka kidole gumba. Matrida akatoka akijipangusa machozi kwa kitenge, hataki wageni wamwone. Miaka ishirini ya magoti kuuma, akawaza, kumbe nilikuwa natembea bure. Kumbe nimempoteza mama mara ya pili.

Mlangoni, Clementi, sasa mvi tupu, alikuwa ameketi na kitabu chake. Kibuyu alichoachiwa alikuwa ameshakijaza. Alikuwa amesikia yote, maana kuta za ofisi zile ni za mbao. Akafanya alichozoea kufanya: akakisukuma mbele kitabu na kalamu.

"Andika, mama. Hata kama ni matusi, wewe andika."

Matrida akashika kalamu. Akafungua ukurasa wa nyuma badala ya wa mbele, kwa kupaparika, na akaona mwandiko wake mwenyewe wa mwaka jana. "Chungu cha mama yangu Anastazia mlichowekeshwa kipo. Taa ya juu yake imeungua." Akasimama hapohapo. Akafunua kurasa za nyuma zaidi.

"Clementi."

"Naam, mama."

"Vitabu vya zamani mlivichomaga?"

"Nani athubutu? Viko stoo. Nimevitia mwenyewe kwenye kiroba."

"Vyote?"

"Kuanzia mwaka wa maziwa ya kwanza," akasema Clementi, na hapo na yeye akaelewa. Akapiga paja lake kofi, akacheka mpaka Apolinary akachungulia dirishani.

Clementi akampigia simu Hilda wa Bunda, akawapigia na wa Butiama. Hilda hakuuliza mara mbili. "Mama Matrida? Yule wa picha ya pamba? Vyetu navileta mwenyewe Ijumaa, hata kama ni kuvibeba kichwani." Clementi akaahidi kupanda gari na kiroba chake, akamwomba mama waende wote.

"Vitabu vipande gari," Matrida akasema. "Mimi nina safari yangu."

Akatembea Jumatano, akatembea Alhamisi. Na unajua barabara ile, mtu wa miguu halali njaa wala hapiti kimya. Miaka ishirini watu wa kando ya njia wamemzoea: wauza nyanya, mafundi baiskeli, akina mama wanaotwanga. "Mkaguzi! Ng'ombe wazima?" "Mwaka huu wanataka kuniibia," akawajibu, na akawaeleza. Wakamaka. Watu wa Mara unaweza kuwaambia habari za kodi wakasinzia, lakini waambie kuna mtu anataka kula ng'ombe aliyewekeshwa uone watakavyosimama. Kila alipopita, habari ilitangulia mbele yake.

Ijumaa saa nne ukumbi wa Butiama ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Kamati yenyewe ilishangaa. Ilizoea kukaa na viti vitupu. Vyungu vitatu vilikuwa mezani, pamoja, kwa mara ya kwanza tangu vitoke uani kwa Anastazia. Matrida alipoviona hivyo, vimesogeleana, alitaka kulia tena. Akajikaza.

Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Lukresia, mstaafu, bibi wa miwani minene, mtoto wa boma la ng'ombe huko Bunda. Apolinary akasoma maelezo yake. Alipofika kwenye "hajulikani", ukumbi ukaguna. Matrida akainua fimbo.

"Nimeambiwa nilete andiko," akasema. "Nimeleta."

Clementi akamwaga kiroba mezani. Hilda akaweka vya Bunda, wa Butiama wakaweka vyao. Kilikuwa kilima cha vitabu.

"Hivi ni vitabu vya wageni," Apolinary akasema.

"Vya nyumba zenu wenyewe. Hilda, soma, mwanangu."

Hilda akasoma. Elfu mbili na tano, Mukendo: chungu kipo, kina vumbi. Elfu mbili na saba, Butiama: "Chungu cha mama yangu Anastazia mlichowekeshwa kipo. Kimesogezwa dirishani, jua litakipasua. Kirudisheni." Watu wakacheka. Elfu mbili na kumi na moja, Bunda: "Kipo. Mmekigeuza, alama ya mama imeangalia ukuta. Mgeni anaonyeshwa uso, haonyeshwi kisogo." Wakacheka zaidi. Lakini Hilda aliendelea, mwaka baada ya mwaka, nyumba baada ya nyumba, na kila mara yalikuwa maneno yaleyale, cha mama yangu Anastazia mlichowekeshwa kipo, na kicheko kikapungua, kikapungua, mpaka ukumbi wote ukawa unamsikiliza.

Apolinary akakohoa. "Kwa heshima zote, Mwalimu, kitabu cha wageni mtu yeyote anaweza kuandika lolote. Ni maoni tu."

Loo, hapo ndipo alipoukanyaga mwiba!

"Maoni," Matrida akasema. "Hilda, mwanangu, wasomee na maneno ya juu. Hayo mliyoyachapa nyie."

Hilda akasoma kwa sauti: "Maoni yako ni muhimu kwetu. Tutayafanyia kazi."

"Miaka kumi na tisa," Matrida akasema, "nyumba tatu. Ni maoni hamsini na saba hayo, na ya mwaka huu sijaandika. Wewe mwanangu uliniambia mali bila daftari huisha bila habari. Daftari hilo hapo. Haya, kazi ianze lini?"

Ukumbi ulilipuka. Akina mama wa njiani wakapiga vigelegele, fundi baiskeli akapanda juu ya benchi. Mwalimu Lukresia akagonga meza kwa kalamu mpaka wakanyamaza. Akavua miwani.

"Nina swali moja," akasema, "na sote tuliokulia mabomani tunalijua. Kuna mwaka uliouruka?"

Matrida akafikiri.

"Mwaka wa goti nilichelewa. Nilikuja mwezi wa kumi na mbili na magongo."

"Ipo," Hilda akasema, amekwisha kuipata tarehe hiyo.

"Na mwaka wa korona?" Mwalimu akauliza polepole. "Mwaka ule nyumba zetu zilikuwa zimefungwa."

Watu wakaguna kwa huruma, maana walidhani hapo ndipo ng'ombe anapofia. Lakini Clementi alikuwa ameshasimama, kitabu mkononi. "Aliniita getini," akasema, "akanawa mikono, nikampitishia kitabu chini ya geti." Akasoma mwenyewe: "Mlango umefungwa. Nimechungulia dirishani. Chungu cha mama yangu Anastazia mlichowekeshwa kipo." Hilda na wa Butiama nao wakainua kurasa zao za mwaka uleule. Alikuwa amechungulia madirisha yote matatu.

Mwalimu Lukresia akachukua karatasi ya Apolinary, akakata mstari mmoja, akakata na wa pili, akaandika juu yake na kusoma huku akiandika: "Mfinyanzi, Anastazia wa Nyegina. Vimewekeshwa na familia yake." Akamtazama Matrida. "Vinakwenda Dar es Salaam, mama?"

"Wakavione, kwa nini wasivione? Miezi mitatu. Halafu virudi, maana huko mbali, na mimi magoti haya."

"Miezi mitatu. Andika, Bwana Apolinary."

Apolinary akaandika. Na nimsifu, maana aliyeshindwa akakubali ni nusu mshindi: alipomaliza aliinuka, akazunguka meza, akainama mbele ya mama. "Nisamehe, mama. Nimesomea makumbusho miaka mitatu, hili hawakunifundisha."

"Umeshafundishwa."

"Kuna lingine nililosahau?"

Matrida akakivua kibuyu begani. Kilikuwa kitupu, maziwa ya Clementi yalikwisha njiani. Akakinyoosha.

Apolinary hakuelewa. Ukumbi mzima ukamwelewesha kwa kelele. Basi kijana wa suti ya bluu akakumbatia kibuyu kifuani, akatoka nacho juani, akavuka njia, watoto na akina mama nyuma yake, akaenda nyumba ya tatu wanakofuga, akaomba maziwa kwa adabu na kurudi nayo mwenyewe bila kumwaga tone. Matrida akanywa amesimama, mbele ya vyungu vya mama yake, machozi yakimteremka na povu limemkaa mdomoni, wala hakujipangusa.

Kisha akaomba kitabu cha wageni. Akaketi, akajaza tarehe, jina, Nyegina. Kwenye maoni akaandika: "Mama, vyungu vyako vipo vyote. Wanakujua. Maziwa nimepewa."